Mapigo ya Moyo wa Léonie

Saa moja kasoro dakika kumi, Kahindo huwa ameshasimama langoni mwa shule, daftari kwapani, kalamu nyuma ya sikio. Kwao ni hapo hapo Majengo, nyumba ya mbao iliyokalia mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Akiruka ukuta mdogo wa mawe, yuko shuleni. Mama yake humcheka kila siku: "Weye unaweza kunawa uso nyumbani ukajikaushia darasani."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa kapita wa darasa la nane. Kapita hukusanya madaftari, hunyamazisha wapiga kelele, na zaidi ya yote huandika majina ya wachelewaji. Lango lilifungwa saa moja na dakika kumi. Aliyefika baada ya hapo aliandikwa alama moja, kisha akakimbia mizunguko mitano kuzunguka uwanja, juu ya changarawe nyeusi inayotafuna soli za viatu. Daftari lilikuwa na safu tatu: jina, saa, sababu. Katika safu ya sababu Kahindo aliandika neno moja kwa wote, kwa sababu lilikuwa fupi na kengele ilikuwa inamngoja: uvivu.

Wachelewaji karibu wote walikuwa wale wale, saba, watoto wa kambi ya waliokimbia vita kule Kanyaruchinya, ambao mji unawaita deplase. Barabara inayoshuka kutoka Rutshuru hadi mjini Goma imezoea miguu ya watu kama wao. Walioteremka mwaka 2008 na magodoro kichwani waliteremka tena 2012, na 2022 wakateremka mara ya tatu, safari hii na watoto waliozaliwa kati ya vita na vita. Na kila mara mji uliwapokea namna moja: kabla hawajachimbiwa choo, walishaandikiwa kanuni.

Jumatano hiyo, saa moja na dakika ishirini na tano, Léonie alifika. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na minne kutoka Rugari, mwenye shingo iliyonyooka na ulimi usiolala. Alikaa dawati moja na Kahindo, na hesabu za sehemu alizielewa kuliko mwalimu alivyozieleza.

"Andika," alisema, hata kabla hajaulizwa jina.

Kahindo aliandika. Alama ya kumi na saba. Uvivu.

Léonie akaanza kukimbia. Benny, mwana wa mwenye duka la simenti, alikuwa dirishani akisubiri kipindi kianze. "Léonie!" alipiga kelele. "Kimbia, deplase! Nyiragongo inatema moto!"

"Ikitema nitafika ziwani mbele yako," Léonie alijibu bila kupunguza mwendo. "Weye utakuwa ungali unatafuta kiatu cha pili."

Darasa zima lilicheka, hata Benny mwenyewe. Lakini kicheko kilikatika mkuu wa shule, prefe Célestin, alipotokea barazani na karatasi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na waliochoka huzipenda kanuni kwa kuwa kanuni haziulizi maswali.

"Munisikilize vizuri," alisema. "Kuanzia leo, mutu akifikisha alama makumi mbili za kuchelewa, jina lake linatoka kwenye orodha ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Hakuna kulia, hakuna kuniletea mama."

Kahindo alihesabu haraka. Alhamisi kumi na nane. Ijumaa kumi na tisa. Jumatatu ishirini. Siku tatu za shule, na mwaka mzima wa Léonie ungekwisha, tena kwa mwandiko wake yeye Kahindo.

Wakati wa mapumziko alimvuta pembeni. "Tafadhali, Léonie. Uamke mapema. Siku chache tu."

"Mapema ya nani?" Léonie aliuliza, kisha akaenda zake. Kahindo hakumfuata kumwuliza maana ya maneno hayo. Ndivyo alivyozoea: safu ya sababu alishaijaza.

*

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha Madame Sidonie. Madame alikuwa mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Yeye ni mwalimu wa biolojia, lakini mwalimu wa elimu ya uraia alipokimbilia Bukavu na watoto wake, somo hilo nalo walimtwisha Madame. Basi katika darasa lake moyo na katiba vilikaa ubao mmoja, huu kushoto, hii kulia.

Wiki hiyo kushoto palikuwa na mapigo ya moyo. Walikwisha kujifunza kuyatafuta kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kuyahesabu kwa sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne. Mtu hupimwa mara tatu: akiwa ametulia, anapomaliza kukimbia, na baada ya kupumzika dakika mbili.

Kulia palikuwa na hukumu kubwa za mahakama. Madame aliwaeleza jinsi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, mwaka 2000, ilivyokataa ombi la shule za dini zilizotaka ruhusa ya kuendelea kuwachapa wanafunzi viboko. Aliwaeleza pia hukumu ya mwaka 1954 kule Marekani, iliyosema kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kuvunja usawa. Mmoja wa watoto wa kesi ile alikuwa msichana mdogo aliyevuka njia za reli kulifuata basi la kumpeleka shule ya mbali, na karibu na kwao palikuwa na shule ambayo hakuruhusiwa kuingia.

"Kwa hiyo mutoto moja anaweza kubadilisha sheria ya inchi nzima?" aliuliza Bénita, msichana wa dawati la mbele.

"Mtoto, wazazi wake, mawakili, na miaka mingi," Madame alisema. "Usisahau miaka."

Darasa lile lilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa mchana waliketi kama mahakama, wakachagua kanuni moja ya shule au ya mtaa na kuipima kwa katiba. Majaji watatu walivaa kanzu za kwaya zilizoazimwa parokiani, na ndani ya kanzu zile mlikuwa na harufu ya ubani na jasho la Pasaka.

Kahindo alinyoosha mkono. "Madame, Ijumaa hii tuhukumu kanuni ya alama ishirini."

Madame alifunga kitabu, akatoka, na baada ya dakika tano akarudi na prefe.

"Nimesikia," prefe alisema. "Sawa. Nitakuja na kamati ya wazazi. Mukinionyesha kama kanuni ni mbaya, nitaibadilisha. Lakini mukileta machozi tu, kanuni inabaki na mutafunga midomo mpaka Juni."

Alipoondoka, Madame aligonga ubao. "Mahakama haisikilizi machozi. Inasikiliza nini?"

"Ushahidi!" walijibu kwa pamoja.

Kahindo alichaguliwa kuipinga kanuni. Benny alijitolea kuitetea, akisugua viganja vyake kama mtu aliyeletewa sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. "Lango ni lango," alisema. "Nitashinda na neno hilo moja tu."

*

Mpango wa Kahindo ulikuwa mzuri. Angeonyesha kwamba mizunguko inawaumiza watoto wa kambini. Watoto wenye njaa, waliolala chini ya hema, wakikimbizwa asubuhi mioyo yao itapiga kama ngoma na itakataa kutulia. Nani angethubutu kuitetea kanuni mbele ya ushahidi kama huo?

Alhamisi asubuhi Madame alimpa saa yake na ruhusa ya kukosa kipindi cha kwanza. Wale saba wa kambini walipumzika kwanza, akawapima. Kisha walikimbia mmoja mmoja, akawapima tena mara mbili kila mtu. Alasiri, kwenye kipindi cha michezo, aliwapima wanafunzi saba wa mtaani, kabla na baada ya mizunguko mitano ile ile.

Aliketi na karatasi yake nyuma ya jiko la shule, akaisoma mara mbili. Mara ya tatu alifuatisha tarakimu kwa kidole, moja moja.

Benny, aliyekunywa chai na kula mkate na maharagwe: akitulia 84, baada ya mbio 180, baada ya dakika mbili 144. Léonie, aliyekuja na tumbo tupu: akitulia 64, baada ya mbio 132, baada ya dakika mbili 84. Na hakuwa peke yake. Watano kati ya saba wa kambini walikuwa hivyo hivyo. Mioyo yao ilipanda kidogo na kushuka upesi. Mioyo ya mtaani, iliyolala kitandani, ndiyo iliyohema.

Atasema nini kesho? Kwamba adhabu inawaumiza, na huku karatasi inaonyesha wanaikimbia kama wanaenda dukani? Benny angecheka mpaka aanguke kwenye benchi. Na Jumatatu jina la Léonie lingefutwa.

Kahindo alichukua karatasi mpya. Aliandika: Léonie, akitulia 96, baada ya mbio 192, baada ya dakika mbili 168. Akabadilisha na tarakimu za wale wengine wanne. Alijiambia kwamba huu haukuwa uongo wa kujifaidisha. Yeye kwao ni ng'ambo ya ukuta. Hakuwa na alama hata moja. Alikuwa anawasaidia watu.

Madame Sidonie alipoipokea karatasi aliitazama kwa muda mrefu. "Umehesabu weye mwenyewe?"

"Ndiyo, Madame."

"Zote?"

"Zote."

Madame aliikunja, akamrudishia.

*

Ijumaa asubuhi Kahindo aliandika alama ya kumi na tisa. Mchana madawati yalisogezwa. Bénita na majaji wenzake wawili waliketi mbele na kanzu zao za kwaya, mikono ya kanzu ikiwa mirefu kuliko mikono yao. Prefe Célestin aliketi kando pamoja na wazazi wawili wa kamati: Mama Lucie, mshonaji, na mzee Munyakazi, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akisukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, akiteremsha makaa na viazi kutoka Kibumba hadi sokoni.

Benny alianza. "Waheshimiwa, kanuni ni moja kwa wote. Lango linafungwa kwa miye, linafungwa kwa Léonie. Ubaguzi uko wapi? Mutu akitaka kufika, anafika. Mizunguko mitano haijaua mutu. Hata miye nilikimbia jana, munaniona niko muzima."

"Ulihema kama mbuzi wa Noeli," Léonie alisema kutoka nyuma.

"Kimya mahakamani!" Bénita alisema, akiuma midomo asicheke.

Kahindo alisimama, akafungua karatasi na kusoma. Alisoma vizuri, polepole, akiinua sauti kwenye tarakimu. Mama Lucie alitikisa kichwa kwa huruma. "Mia moja tisini na mbili," alinong'ona. "Masikini, huyu mutoto ni mugonjwa."

Wote waligeuka kumtazama Léonie. Léonie alikuwa ameacha kutabasamu. Alijitazama kifundo cha mkono, kama mtu aliyeambiwa kwamba kitu alichokuja nacho si chake.

Benny naye alikunja uso. Benny hakuwa mjinga. "Waheshimiwa, naomba jambo. Tutoke uwanjani. Léonie akimbie, miye nikimbie, Madame ahesabu. Kama moyo wake unafanya hivyo, nitaketi chini na kunyamaza."

"Ombi limekubaliwa," Bénita alisema, na darasa likamiminika nje.

Kahindo alimwahi Léonie mlangoni, akamshika mkono. "Nisikilize. Kabla ya kuanza, zunguka nyuma ya choo, ruka ruka mpaka uchoke. Na ukimaliza kukimbia, pumua haraka haraka. Moyo wako upande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Kahindo aligusa mfuko wake wenye karatasi ya kwanza. "Jana haukupanda. Ulikuwa mia na thelathini na mbili. Nilibadilisha."

Léonie aliutoa mkono wake taratibu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nilikuwa na mia na thelathini na mbili."

"Ndiyo. Nilitaka kukusaidia, Léonie. Jumatatu watakufuta!"

"Kilomita saba kushuka, saba kupanda. Kila siku ya Mungu. Nyumba yetu iliungua na kila kitu ndani, Kahindo. Kama kuna kitu kimoja ambacho vita vimeniachia, na nimekitengeneza miye mwenyewe na miguu yangu, ni huo moyo. Na weye umeuchukua, umeupatia ugonjwa, umewasomea watu ili wanililie. Nani alikuambia naomba kuliliwa?"

Aliondoka, akaenda kusimama kwenye mstari wa kuanzia, kando ya Benny. Hakuruka ruka. Alifunga vizuri kamba za viatu vyake na kungoja.

Kahindo alibaki mlangoni. Aliona njia mbili tu. Anyamaze, na saa ya Madame imwumbue mbele ya wote baada ya dakika chache. Au aseme, na kesi ife kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa vyovyote Léonie angefutwa, ndivyo alivyoona. Basi kilichobaki kuamua ni kimoja tu: Léonie afutwe akiwa mgonjwa wa uongo, au akiwa Léonie.

"Subirini!" alipiga kelele. "Madame, subirini!"

Akavuka uwanja mpaka mbele ya prefe. "Karatasi niliyosoma ni ya uongo. Nilibadilisha tarakimu za watu watano. Léonie si mgonjwa. Moyo wake ni mzuri kuliko wetu sote. Karatasi ya kweli hii hapa." Aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne.

Palizuka zogo. "Nilijua!" Benny aliruka. "Kesi imekwisha! Nimeshinda!"

Prefe Célestin aliinuka, akafuta vumbi kwenye suruali yake. "Basi. Nilisema mulete ushahidi, mumeniletea uongo. Jumatatu kanuni inaendelea."

"Prefe." Sauti ilikuwa ya Léonie. "Nimeshafunga viatu. Naomba nikimbie. Jina langu limetajwa hapa mbele ya bantu bote. Nataka lipimwe."

Prefe alisita. Mzee Munyakazi alimgusa bega. "Acha mutoto akimbie, prefe. Ni dakika tano tu."

Wakakimbia. Mzunguko wa kwanza Benny alitangulia. Wa pili walikuwa sawa. Wa nne Benny alishika ubavu, na wa tano Léonie alikuwa ameshasimama mbele ya Madame na mkono wake umenyooshwa. Madame alihesabu, akasema kwa sauti: "Mia na thelathini na sita." Alipofika Benny: "Mia na themanini na nne." Baada ya dakika mbili Léonie alikuwa na 88. Benny alikuwa ameketi chini, bado na 148.

"Sasa," Madame Sidonie alisema, "kapita, umedanganya, na hilo tutalizungumza. Lakini darasa hili bado lina swali la biolojia. Moyo hupataje kuwa hivi?"

Kahindo alifuta uso kwa mkono wa shati. Jibu alilijua, lilikuwa ubaoni tangu Jumatatu. "Kwa kazi, Madame. Mtu akifanya kazi ya miguu miezi mingi, moyo hupata nguvu. Kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi, na unatulia upesi."

"Miezi mingi?"

"Miezi mingi."

Kahindo alimgeukia prefe, na safari hii hakusoma popote. "Prefe, katika daftari la wachelewaji kuna safu ya sababu. Mara kumi na tisa niliandika kwamba Léonie ni mvivu. Sikumwuliza hata mara moja. Lakini mvivu hana moyo kama huu. Moyo wa mvivu ni..." alimtazama Benny, akajizuia, "ni kama wangu, ninaoishi ng'ambo ya ukuta. Kwa hiyo niliandika uongo tangu mwanzo, hata kabla ya karatasi hii."

"Kuchelewa ni kuchelewa," prefe alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwa nini hawatoki mapema?"

Kahindo alimgeukia Léonie. "Kwa nini hamtoki mapema?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Barieri," Léonie alisema. "Askari wanafunga barabara usiku. Wanafungua saa kumi na mbili. Siye saba tunasimama pale saa kumi na moja na nusu, na madaftari yetu, tunawangoja. Wakifungua, tunatembea saa moja na dakika ishirini na tano. Tukikimbia njia yote tunaweza kufika lango halijafungwa. Kisha tutakaa darasani tunalala."

"Hilo ni neno lako tu," Benny alisema, lakini bila nguvu.

"Ni neno langu pia." Mzee Munyakazi alikuwa amesimama. "Chukudu yangu inalala kwenye barieri ile. Kila asubuhi nawaona hawa batoto wakipiga foleni na madaftari, kwenye baridi. Nilifikiri shule inajua." Alimtazama prefe, kisha akainamisha macho. "Nimekaa kwenye kamati hii miaka mitatu. Hakuna aliyeniuliza, na miye sikusema."

Bénita, na mikono yake mirefu ya kanzu ya kwaya, aliuliza: "Mpinzani wa kanuni, unasimama kwenye kifungu gani cha katiba?"

"Cha kumi na tatu," Kahindo alisema. "Kinasema Mkongomani asibaguliwe katika elimu. Kinataja dini, kinataja asili ya familia, na kinataja makao. Makao! Kanuni yetu haimpimi Léonie kwa bidii yake. Inampima kwa mahali ambapo vita vimemlaza. Mimi na yeye tukiamka saa ile ile, mimi nina alama sifuri na yeye ana kumi na tisa. Lango ni moja, lakini barabara si moja."

Majaji watatu walitoka kidogo kando ya ukuta, wakanong'onezana, wakarudi. Bénita alisoma hukumu kutoka kwenye kiganja chake. "Kanuni inavunja kifungu cha kumi na tatu kwa wanaotoka nyuma ya barieri. Mahakama inamwomba prefe aibadilishe. Na mahakama inamkemea mpinzani kwa karatasi ya uongo."

Prefe Célestin alitazama ule uwanja mweusi, kama anayeuona kwa mara ya kwanza. "Wanaotoka nyuma ya barieri watahesabiwa kuanzia wakati barieri inapofunguliwa," alisema hatimaye. "Saa moja na dakika arobaini, hapo ndipo wamechelewa. Alama zao za zamani zinafutwa. Na mizunguko..." alimtazama Benny, aliyekuwa bado ameshika ubavu, "mizunguko inabaki kwenye kipindi cha michezo. Si adhabu tena, kwa mutu yeyote."

Wale saba hawakupiga makofi. Léonie alifumba macho, akapumua, na kuyafumbua tena. Ilitosha.

"Lakini kapita," prefe aliendelea, "siwezi kumwachia daftari mtu aliyelijaza uongo. Utamkabidhi Bénita."

Kahindo alilitoa kwapani na kulikabidhi.

*

Darasa lilipotawanyika, Madame Sidonie alimbakisha yeye na Léonie.

"Nilipokuuliza jana, nilijua," Madame alisema. "Msichana anayetembea kila siku kutoka Kanyaruchinya asingeweza kuwa na tisini na sita akitulia. Nilitaka uwe wewe wa kusema."

"Nilitaka kumsaidia, Madame."

"Najua. Wengi wametaka kutusaidia mji huu, wakaandika habari zetu walivyotaka wao. Wakatuongezea machozi pale ambapo tulikuwa na nguvu, kwa kuwa machozi yanasomeka upesi. Baadaye anayetutazama haoni mtu, anaona mgonjwa." Madame alivua saa yake na kuiweka mezani. "Sikiliza, Kahindo. Ukitaka kumtetea mtu, kwanza mwulize. Kisha andika alivyo, hata kama hafanani na hotuba yako. Uongo wako ulikaribia kumfuta Léonie mara mbili, kwanza kama mvivu, kisha kama mgonjwa, na ukweli wake ndio uliomwokoa. Utaandika karatasi yote upya, tarakimu za kweli, na chini utaeleza ulichobadilisha na kwa nini. Utaibandika ubaoni, jina lako juu."

"Ndiyo, Madame."

Madame alitoka, akaacha saa yake. Kahindo alikaa dawatini na kuanza kuandika. Léonie alibaki amesimama.

"Nisamehe," Kahindo alisema bila kuinua kichwa.

Léonie aliivuta saa karibu, akaketi kando yake. "Leta mkono."

"Wa nini?"

"Leta."

Vidole viwili vya Léonie vilitulia kwenye kifundo cha mkono wa Kahindo. Walingoja sekunde kumi na tano, midomo ya Léonie ikihesabu bila sauti.

"Ishirini na sita mara nne. Mia na nne, na umekaa chini, hujakimbia hata hatua moja," alisema. "Ni aibu inayoukimbiza moyo wako. Andika na yako."

"Niiandike ubaoni? Watanicheka!"

"Watakucheka. Andika."

Kahindo alichovya kalamu kwenye ulimi, akachora mstari mpya chini ya majina yote, na kuandika jina lake. Mia na nne. Léonie aliinama kuhakikisha tarakimu ziko sawasawa, kisha akachukua madaftari yake na kuondoka, maana barieri ya jioni nayo ina saa yake, na njia ya kupanda ni ndefu kuliko ya kushuka.